Kuuza Nje ya Nchi Ukiwa Lamu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yametoka kwa mafundi seremala, wenye nyumba za wageni, washonaji kofia na vijana wenye mawazo ya programu za simu. Majibu hayalingani urefu kwa sababu maswali yenyewe hayalingani uzito. Viwango vya kodi na ushuru hubadilika kila bajeti ikisomwa, kwa hiyo thibitisha na ofisi inayohusika kabla hujatoa pesa.

Nina vyumba vitatu Shela, na wageni wangu wengi ni Waitaliano na Wajerumani. Hiyo nayo ni biashara ya nje?

Ndiyo. Watu wengi hapa kisiwani wanaifanya bila kuiita hivyo. Mkataba wa biashara ya huduma wa Shirika la Biashara Duniani, GATS, ulioanza kutumika 1995, unataja njia nne za huduma kuvuka mpaka. Ya kwanza, huduma yenyewe husafiri, kama mhasibu wa Langoni anayeandaa hesabu za kampuni ya Dubai kwa barua pepe. Ya pili, mteja huja kwako. Ya tatu, kampuni hufungua tawi ugenini. Ya nne, mtu huenda mwenyewe kufanya kazi kule. Mgeni anayelala Shela ni njia ya pili, na euro yake inahesabiwa katika mauzo ya nje ya Kenya kama ilivyo pesa ya majani ya chai.

Faida ya kulijua hili ni kwamba huanzi sifuri. Una wateja wa kigeni tayari, na wengine wameondoka na namba yako ya simu.

Nianze na nchi gani?

Anza karibu. Mwaka 1977 wataalamu wawili wa Uppsala, Uswidi, Jan Johanson na Jan-Erik Vahlne, walieleza mwenendo walioukuta katika makampuni ya kwao: yalianza kuuza nchi jirani kupitia wakala, baadaye yakafungua ofisi ya mauzo, na kiwanda kikaja mwisho. Kila hatua ilingoja somo la hatua iliyotangulia. Ujirani waliousema haukuwa wa kilomita peke yake. Waliangalia pia lugha, sheria, desturi za kulipana na namna watu wanavyoaminiana. Kwa kipimo hicho, Zanzibar na Muscat ziko karibu na Lamu kuliko Johannesburg. Muscat utakuta familia zinazozungumza Kiswahili nyumbani, na kofia yao ya kumma ni ndugu wa kofia zetu.

Mwaka 2009 wawili hao walirudi kwenye nadharia yao na kuirekebisha. Walisema kikwazo kikubwa cha mfanyabiashara ugenini ni kutokuwa ndani ya mtandao wa watu wanaojuana kule. Wenye majahazi waliokwenda Arabuni kwa upepo wa kusi wangelielewa jambo hili bila kusomewa, maana nahodha alikuwa na mtu wake katika kila bandari aliyotia nanga. Mtu huyo alimhifadhia nahodha mzigo, akamtafutia mnunuzi, akamdhamini.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi, usichague nchi kwa kuangalia utajiri wake. Chagua ile ambayo una mtu: binamu aliyeko Doha, mgeni wa zamani mwenye duka la vitu vya nyumbani Milano, au mwanafunzi mliyesoma naye aliyebaki Dar es Salaam.

Mwanangu anasema siku hizi intaneti imefuta umbali, mtu anauza dunia nzima tangu siku ya kwanza. Kweli?

Mwanao hajakosea, ila ametaja nusu. Yapo makampuni yanayozaliwa yakiuza nchi nyingi mara moja, na watafiti wa biashara wamekuwa wakiyaandikia tangu miaka ya 1990. Mengi huuza kitu kisicho na uzito: programu za kompyuta, michoro, tafsiri, masomo. Kijana wa Mkomani anayebuni nembo kwa wateja wa Kanada anaweza kuwa mmoja wao kesho asubuhi, mradi umeme upo.

Kofia iliyoshonwa kwa mkono kwa wiki kadhaa ni mambo mengine. Picha yake inaonekana Toronto sekunde ile ile unapoiweka. Lakini kuna malipo, usafirishaji, forodha, kipimo cha kichwa kisichotoshea na mteja anayetaka kurudishiwa pesa. Hayo yote bado yana umbali. Intaneti imerahisisha kuonekana tu.

Jukwaa la kidijitali lina tofauti gani na duka?

Duka hununua na kuuza. Jukwaa hukutanisha pande mbili na kukata chake katikati: Airbnb hukutanisha mwenye nyumba na mgeni, Uber dereva na abiria, Jumia muuzaji na mnunuzi. Mali yake kubwa ni wingi wa watu pande zote mbili. Wageni wakiongezeka, wenye nyumba huvutiwa, na wenye nyumba wakiongezeka wageni hupata chaguo zaidi. Likishika kasi ni vigumu jingine kulifikia. Kabla halijashika kasi ni kama soko la samaki lisilo na wavuvi: wanunuzi hupita mara moja, wasirudi tena.

Kama majukwaa haya yana nguvu hivyo, mbona yanashindwa yakivuka mpaka?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote hapa, na mfano wake bora tunao mfukoni.

M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007. Tanzania iliingia 2008 ikasuasua mwanzoni, kisha ikashika baada ya Vodacom, kampuni ya simu iliyoiendesha kule, kubadili viwango vya ada na namna ya kuwasimamia mawakala. Afrika Kusini ilifika 2010, na lengo lilikuwa wateja milioni 10 ndani ya miaka mitatu. Haikukaribia. Ilizinduliwa upya 2014, ikafungwa 2016 ikiwa na watumiaji hai wapatao 76,000. Romania iliingia 2014 ikatoka 2017. India iliingia 2013 ikatoka 2019.

Teknolojia ilikuwa ile ile, jina lile lile. Kilichokosekana ni mazingira yaliyoibeba hapa kwetu. Safaricom ilikuwa na sehemu kubwa mno ya wateja wa simu, hivyo uliyetaka kumtumia pesa karibu kila mara alikuwa upande ule ule. Kulikuwa na mawakala kila kichochoro. Watu wengi hawakuwa na akaunti za benki lakini walikuwa na mama kijijini wa kumtumia pesa. Afrika Kusini ilikuwa na benki na mashine za pesa tayari, Vodacom haikutawala soko kama Safaricom, na sheria za kumtambua mteja zilikuwa kali zaidi. Mtandao wa watu wa Kenya haukuweza kupakiwa kwenye meli kupelekwa Durban. Ilibidi ujengwe upya kule, mtu kwa mtu.

Uber ilipita njia hiyo kwa gharama kubwa zaidi. Huko China, Uber ilipoteza zaidi ya dola bilioni 1 kwa mwaka kabla ya kuiuzia Didi, mpinzani wake wa kule, biashara yake 2016 na kubaki na hisa. Machi 2018 ilifanya vivyo hivyo Asia ya Kusini-Mashariki, ikaiachia soko kampuni ya Grab na kuchukua asilimia 27.5 ya hisa. Huko Nairobi, Uber ilifanikiwa kwa sababu, pamoja na mengine, ilikubali kulegeza mfumo wake. Ilizoea malipo ya kadi, lakini 2015 ikaanza kupokea pesa taslimu. Hapa Lamu sijui wangelegeza nini, labda waandikishe punda.

Jumia, iliyoanza Nigeria 2012, ilitanda nchi nyingi kwa haraka, kisha ikaanza kupunguza: Kamerun na Tanzania 2019, Afrika Kusini na Tunisia 2024. Kufungua nchi ni rahisi kuliko kuijaza watu.

Basi Airbnb na Booking.com ni rafiki au adui?

Ni dalali, na dalali mzuri ana thamani yake. Chukua chumba cha shilingi 8,000 kwa usiku. Kamisheni ya asilimia 15, ambayo ndiyo ya kawaida Booking.com, ni shilingi 1,200. Kwa mgeni ambaye hajawahi kusikia jina Lamu, aliyekupata kwa sababu ya jukwaa, hiyo si ghali. Tangazo la gazeti la Ulaya lingekugharimu zaidi, na lisingemleta.

Ughali unaanza mgeni yule yule anaporudi mwaka wa pili na wa tatu kupitia mlango ule ule, nawe ukakatwa upya kila mara. Anwani yake iko kwa jukwaa, maoni aliyoyaandika yako kwa jukwaa, na siku wakibadili mpangilio wa utafutaji unashuka ukurasa wa tatu bila kuambiwa sababu. Mgeni akishafika nyumbani kwako, muombe ruhusa umwekee jina na barua pepe kwenye daftari lako, na ukumbuke kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakutaka uzitunze. Ziara ijayo akuandikie wewe.

Soma pia kifungu cha bei. Baadhi ya mikataba humkataza mwenye nyumba kutoza bei ya chini kwenye tovuti yake kuliko ile ya jukwaa. Umoja wa Ulaya uliiweka Booking chini ya sheria yake ya masoko ya kidijitali Mei 2024, na kifungu hicho kikaondolewa kwa hoteli za kule. Wewe uko Lamu, kwa hiyo angalia mkataba wako mwenyewe unasemaje. Na usisahau kwamba nyumba ya wageni inatakiwa kusajiliwa na Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, hata kama wateja wako wote wanatoka kwenye simu.

Mteja wa nje atanilipaje?

Kwa mzigo mkubwa, benki kwa benki. Kwa kiasi kidogo, PayPal, ambayo imeunganishwa na M-Pesa tangu 2018. Yapo pia majukwaa yanayompokelea muuzaji malipo ya kadi, ila kabla ya kupiga hata picha moja ya bidhaa, hakikisha jukwaa unalolitaka linawalipa wauzaji walioko Kenya. Mengi humruhusu Mkenya kununua huku yakimfungia mlango wa kuuza.

Chukua nusu ya bei kabla ya kugusa mbao. Mzungu akikataa kulipa amana kwa mlango wa kuchongwa mahsusi kwa nyumba yake, huyo si mteja bado.

Halafu kuna thamani ya shilingi. Januari 2024 dola moja ilikuwa takribani shilingi 160. Kufikia Aprili mwaka huo ilikuwa karibu 130. Fundi aliyekubaliana dola 1,000 mwanzoni mwa mwaka alitarajia 160,000, na aliyelipwa Aprili akapata 130,000, ilhali mbao, msasa na vibarua alivilipia kwa shilingi. Kazi ikichukua miezi, andika kwenye ankara kwamba bei ni halali kwa siku 30 tu, au uchukue amana kubwa inayokidhi gharama zote za vifaa.

Mgeni anataka mlango wa Lamu apeleke kwao. Niangalie nini?

Mengi, na yanakuja kwa mpangilio huu.

Umri kwanza. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006 inalinda mlango au fremu ya mlango iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa mashariki kabla ya mwaka 1946. Huwezi kuutoa nchini bila kibali. Mji wetu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na mlango mmoja ukiondoka nyumba nzima inabaki na pengo. Mgeni anayetaka wa zamani, mwonyeshe kazi mpya. Fundi ampe risiti inayosema umechongwa lini na wapi, maana forodha hawana jicho la kutofautisha.

Mbao ni jambo la pili. Mbambakofi wa Afrika uliingizwa katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, mwaka 2022, pamoja na mkangazi wa Afrika. Kinachobanwa hasa ni magogo, mbao zilizopasuliwa na zilizorandwa. Mlango uliokamilika una hesabu yake, kwa hiyo uliza Shirika la Huduma kwa Wanyamapori kabla ya kufunga mzigo, upate jibu kwa maandishi. Barua yao ndani ya bahasha ya mzigo ni kinga ukifika Rotterdam.

La tatu mafundi wengi hawalisikii mpaka malalamiko yarudi: unyevu. Mbao iliyokaa Lamu imeshiba hewa ya bahari. Ikiingia nyumba ya Ujerumani yenye joto la mashine wakati wa baridi, hukauka mpaka asilimia 8 hadi 10 ya unyevu, na hapo hupasuka kwenye nakshi. Tumia mbao iliyokaushwa vizuri tangu mwanzo, acha vibao vya katikati vicheze ndani ya fremu bila gundi, na mwambie mteja asiuegemeze kwenye kipasha joto.

Sanduku nalo lina sheria. Mbao za kufungia mzigo lazima zifuate kiwango cha kimataifa cha ISPM 15, kinachozuia wadudu wa mbao: kwa kawaida hupashwa joto mpaka kiini kifike nyuzi 56 kwa dakika 30, kisha hupigwa mhuri. KEPHIS, shirika la serikali la ukaguzi wa afya ya mimea, ndio wasimamizi. Sanduku la plaiwudi halihitaji mhuri huo, na kwa mzigo mmoja mmoja ndilo ninalolipendekeza.

Mwisho, kubalianeni nani anabeba nini. Masharti ya kimataifa ya Incoterms, toleo la 2020, yako 11. EXW maana yake mteja anauchukua karakanani kwako, na kila kitu kuanzia hapo ni chake, hata mashua ya kwenda Mokowe. FOB unaufikisha melini. DAP unaufikisha mpaka mlangoni kwake, ushuru wa kuingiza ukiwa juu yake. Anayeanza asikubali kufikisha ushuru ukiwa juu yake yeye fundi, hata akibembelezwa vipi.

Ushuru kule waendako ni kiasi gani?

Ulaya: makubaliano ya kibiashara kati ya Kenya na Umoja wa Ulaya yalianza kutumika 1 Julai 2024, na bidhaa zenye asili ya Kenya huingia bila ushuru wa forodha zikiwa na uthibitisho wa asili. KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, ndio hutoa cheti. Uingereza ina makubaliano yake na Kenya, yaliyoanza 2021. Msamaha huu haugusi VAT ya kule. Tangu 1 Julai 2021 Umoja wa Ulaya hutoza VAT kwa kifurushi cha thamani yoyote, hata cha kofia moja, na mteja asiyejua hili hudhani umemtapeli.

Marekani: kuanzia 29 Agosti 2025 msamaha wa vifurushi vya chini ya dola 800 umeondolewa. Waliozoea kutuma bangili za fedha na vikapu kimoja kimoja kwa posta wahesabu bei upya.

Na majirani wa Afrika Mashariki?

Hapa ndipo pepesi zaidi, na ndipo panaposahauliwa. Mzigo usiozidi dola 2,000, wenye asili ya Jumuiya na uliomo katika orodha ya bidhaa zilizokubaliwa, hupita kwa cheti rahisi cha asili kinachotolewa mpakani penyewe, kwa mfano Lungalunga ukielekea Tanga. Hakuna ushuru wa kuingiza. Jumuiya sasa ina nchi nane, Somalia ikiwa imejiunga rasmi 2024. Mwenye viatu vya ngozi vya Siyu na akawaza Paris kabla ya Tanga, mimi simwelewi.

KRA watanikamata kwa kuuza nje?

Watakukamata kwa kutotangaza. Bidhaa zinazouzwa nje zina VAT ya asilimia sifuri, na aliyesajiliwa anaweza kudai VAT aliyolipa kwenye malighafi. Usajili wa VAT ni lazima mauzo yakifikia shilingi milioni 5 kwa mwaka. Mwenye mauzo kati ya milioni 1 na milioni 25 huangukia kodi ya mauzo ya asilimia 3. Tunza hati za forodha, kwa sababu bila hizo mauzo yako ya nje yanahesabiwa kuwa ya ndani.

Majukwaa ya nje nayo hulipa. Kodi ya huduma za kidijitali ya asilimia 1.5, iliyoanza 2021, ilibadilishwa mwishoni mwa Desemba 2024 na nyingine inayofikia asilimia 3 ya mapato yao ghafi hapa nchini. Wao pia wako ugenini.

Tumetengeneza programu ya kukodi mashua Lamu. Tunataka kuipeleka Zanzibar na Kilwa mwaka huu huu. Mnatushauri nini?

Kwanza, Lamu imejaa? Mgeni akifungua programu saa kumi alasiri kutaka mashua ya Manda, anapata nahodha ndani ya dakika chache? Kama anapata siku moja na siku nyingine hapati, Zanzibar itawameza.

Mkiwa tayari, chagueni mahali pamoja. Tafuteni manahodha kabla ya wageni, kwa kuwa mgeni akikosa mashua mara ya kwanza anaifuta programu, ilhali nahodha atasubiri kidogo mkimdhamini kiasi fulani cha kazi. Msimpeleke kijana wa Lamu na kompyuta kwenda kuwaandikisha manahodha wa Nungwi. Mpeni hisa mtu wa Nungwi anayeheshimika ufukweni, hata kama hajui kutengeneza programu. Malipo yafuateni ya kule, si M-Pesa ya Kenya, na leseni za vyombo vya abiria ziulizeni Zanzibar kwenyewe, kwa sababu mambo ya bandari na utalii visiwani yana mamlaka zake tofauti na za bara.

Kilwa iacheni kwanza. Wageni wake ni wachache, na jukwaa lenye mashua nyingi na wageni wachache huchosha manahodha.

Maelezo ya bidhaa niyaandike kwa lugha gani?

Ya mnunuzi. Kwa Italia mpe mtu wa Malindi ayasome kabla hujayaweka. Kiitaliano pale ni cha kila siku sokoni, naye atakwambia papo hapo tafsiri ya mashine ilipoharibu. Vipimo viwe kwa sentimita, na picha moja iwe na mkono wa mtu ndani yake ili ukubwa uonekane.